Jozi Iliyobaki Mnarani

Kazi niliyopewa jioni ile ilikuwa kulinda viatu.

Sikuionea haya. Shuleni nilifundisha mazoezi ya viungo, na kila asubuhi tumbo langu lilifika uwanjani kabla yangu. Nimetembea dunia: Muscat miaka tisa, Kuala Lumpur miwili, na nilichorudi nacho ni uwezo wa kuagiza chakula kwa lugha sita. Ngazi ndizo sipatani nazo. Kwa hiyo Dada Shefali, mwalimu wa historia, alipolipandisha darasa la nane kwenye Mnara wa Mashahidi pale Dhaka, ukumbusho wa waandamanaji waliouawa kwa risasi, mimi nilibaki chini na jozi thelathini na nne za watoto. Jukwaa la mnara ule halikanyagwi na viatu. Hata wakubwa wa nchi huvua.

Jua lilikuwa linazama. Watoto walikuwa hoi. Tangu asubuhi makumbusho mawili: mafuvu nyuma ya vioo, mashati yenye matundu ya risasi, picha ambazo mtu hapaswi kuziona kabla ya kula. Saa nne walikuwa bado wanasukumana na kuchekana. Kufika jioni walikuwa wanatazama tu, kama wagonjwa wanaosubiri zamu. Mimi vilevile. Ukioneshwa vifo vingi siku moja, moyo unapigwa ganzi. Na mtu aliyepigwa ganzi hachungi maneno yake.

Aliyebaki na ulimi alikuwa mmoja tu, Jhinuk. Aliweka raba zake za bluu juu kabisa ya lundo, akanionya nisizile. Mama yake, Sufia, ni mjane, naye hana mtoto mwingine. Alikuwa amekataa katakata binti yake asije. Nilikwenda kwake mara tatu, nikamaliza vitumbua vyake vyote, mwisho nikaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, nikaapa nitamrudisha kama nilivyomchukua.

Nilisikia harufu kwanza.

Shada la maua lililokaa majini siku nyingi... harufu ile.

Mwanamke alikuwa amesimama ng'ambo ya lundo. Sari nyeupe, ncha yake imefunika nusu ya uso. Peku. Mkononi ameshika ndara ndogo za ngozi, ukanda mmoja umefungwa kwa uzi.

"Namtafuta mwanangu," akasema taratibu. "Alivua hapa."

Nikamuuliza lini. Akasema siku ile watu walipokimbia. Siku gani hiyo, sikujua, wala sikuuliza. Nilikuwa nimechuchumaa muda mrefu, miguu imekufa ganzi, nataka chai. Nikafanya ninachofanya siku zote nikichoka. Nikatania.

"Dada, ninao thelathini na wanne, na wote wamenichosha. Ukimwona wako, mchukue."

Hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyepewa kitu alichokiomba miaka na miaka.

"Umesema," akanong'ona.

Nikageuka kumfukuza mbwa aliyekuwa ananusa viatu. Nilipogeuka tena...

Hakuwapo.

Watoto wakashuka, kila mmoja akavaa chake. Jhinuk akabaki amesimama peku. Raba za bluu hazikuwepo. Mahali pake zilikaa zile ndara za ngozi.

Nilijua ni za nani. Nilijua kabisa. Lakini polisi alikuwa anamfukuza dereva wa basi letu pale alipoegesha, honi zinapigwa nyuma yake, na kutoka Dhaka hadi kwetu Kurigram ni usiku kucha. Vyoo vya njiani si vya kuingia peku.

"Vaa hizo," nikamwambia. "Kesho tutanunua nyingine."

Akavaa. Zilimkaa kama alipimiwa.

Nikasimama mlangoni mwa basi nikawahesabu wakipanda. Thelathini na nne. Basi likaondoka. Ndipo nikaona dirishani, upande wa mnara, sari nyeupe ikienda polepole kwenye giza. Ameshika mkono wa msichana. Sare ya shule yetu. Raba za bluu.

Msichana aligeuza shingo akalitazama basi.

Nikahesabu tena, siti kwa siti. Thelathini na nne. Nikamwambia Dada Shefali turudi, tumeacha mtoto. Naye akahesabu, kwa kidole. Akaniambia, kwa upole wa mtu aliyechoka, kwamba wote wapo, na kwamba biriani ya mchana nilikula sahani tatu. Nilishukuru kuambiwa hivyo. Hilo ndilo ninalolionea haya mpaka leo. Nilishukuru.

Tulipokuwa tumetoka mjini, Tuli, anayekaa siti moja na Jhinuk, alikuja mbele kuomba ahamishwe. Nikamuuliza wamegombana nini. Hawakugombana.

"Mwalimu, Jhinuk ananiuliza nyumbani kwao ni wapi."

Nikaenda nyuma. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anatazama viti kama mtu asiyewahi kupanda gari. Harufu ya maua... nzito.

"Jhinuk?"

Alichelewa kujibu. Kama anayejaribu nguo dukani.

"Ndiyo," akasema. "Huyo."

Nilirudi kwenye siti yangu. Sikulia. Sikuomba dua. Nilitazama kisogo cha dereva mpaka kukapambazuka.

Sufia alikuwa anasubiri barabarani na shuka la baridi, amelishika tayari kumfunika mtoto. Akamfunika. Wakaenda. Mimi nikaenda kulala, nisilale. Saa tisa alasiri nikaenda kwake.

Alitoka nje, akarudishia mlango nyuma yake.

"Mwalimu. Jhinuk ana kovu gotini. La baiskeli."

"Ndiyo."

"Huyu hana."

Nikamweleza yote, na utani wangu pia. Nilisubiri anipige, ningefurahi. Nikamwambia narudi Dhaka na basi la jioni, nitalala kwenye ngazi zile mpaka yule mwanamke atokee, nitamrudishia wake anipe wetu. Akasikiliza mpaka mwisho, anatazama vidole vyangu.

"Na akikataa?"

Nikautazama mlango nyuma yake.

"Utakuwa umemchukua huyu, na yule hukumpata." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Amekula sahani mbili. Anaogopa mlango ukifunguliwa. Ameniita Mama."

"Dada Sufia, yule mwingine ndiye wako."

"Najua aliye wangu."

Akashika kitasa. Ndani, sauti ya Jhinuk, ileile, ikaita:

"Mama, uko na nani?"

Sufia alinitazama usoni.

"Hakuna mtu," akajibu, akaingia, akafunga.