Mpe Vidonge Vyake

— Meza nikuone, mgonjwa wangu.

Hilo "wangu" ndilo lililomchoma mke. Nesi mwenye vishimo mashavuni alisimama na kikombe cha dawa, akimtazama mume wa mtu mpaka ameze.

Tangu waoane, vidonge vya presha vya mwanaume yule alivitoa mkewe kwa mkono wake. Alipolazwa kwa kuvunjika mguu, nesi aliomba dawa zote za nyumbani zifungiwe kabatini, maana wodini watampa wao. Mke alitoa mfuko, shingo upande. Pakiti moja ikabaki ndani ya sidiria.

Nesi alipotoka, mke akaichomoa.

— Na hiki?

— Mke wangu, si nimeshameza?

— Cha kwake umemeza unacheka. Changu kichungu?

Mume akameza. Kununiwa na mkewe alikuogopa kuliko sindano.

Kesho yake ikawa vilevile, cha nesi kisha cha mke. Bado roho haikutulia. Mke akatoka koridoni, akamwandikia wifi yake: "Huyu nesi ananitafuta. Leo nampa vidonge vyake."

Wifi akajibu: "Mpe, tena bila maji."

Aliporudi wodini kutimiza ahadi, alimkuta mumewe amelegea kitandani, jasho linamtoka. Nesi alikuwa akimpima presha. Ilikuwa imeshuka vibaya.

— Kuna dawa nyingine umemeza?

— Nilizificha mwenyewe, mume alisema kwa shida. Mke wangu hajui.

Mke alitia mkono kifuani. Mtu anakata roho, bado anamfichia aibu yake! Alitoa pakiti mbele ya wodi nzima.

— Muongo huyo. Nimempa mimi, kwa sababu ya hilo "mgonjwa wangu" lako.

— Dada, humu wote ni wagonjwa wangu, hata yule babu anayenitukana, nesi alijibu huku akitundika dripu. Hizi dawa ni zilezile. Amekuwa akimeza mara mbili.

Mke alishika mkono wa mumewe, akalia bila kujificha. Hakuuachia mpaka presha ilipopanda.

Daktari aliporuhusu dawa tena, nesi alipita na kikombe chake. Safari hii alikiweka kwenye kiganja cha mke.

— Haya, mpe vidonge vyake. Mimi naangalia tu.

Mke alimnywesha mumewe, akamfuta midomo taratibu, kisha akamgeukia nesi.

— Angalia kidonge, dada. Mwenye kidonge niachie mimi.