Wimbo wa Bomba

Kila asubuhi kabla ya shule, Salma alichukua bidoni yake na kwenda kuchota maji kwenye bomba la mtaa wao, mjini Baraka kando ya ziwa. Kwenye foleni wenzake walimpisha bila ugomvi, maana Salma alikuwa mtu maarufu. Siku mheshimiwa mbunge na wakubwa wa kampuni ya maji walipokuja kuzindua bomba, yeye ndiye aliyechaguliwa na shule kuwaimbia wimbo ulioandikwa na kampuni. Tangu hapo sauti yake ilisikika redioni mchana na jioni: "Maji ni safi, mama, pumzisha makala, kunywa bila kuchemsha!"

Alijivuna, na nani asingejivuna? Akaubeba wimbo hadi kwa jirani yao Mukankuranga, aliyeteremka kutoka milima ya Minembwe na mwanawe mdogo, Mpano. Mama huyo alikuwa bado anawasha makala, yaani mkaa, kuchemsha maji yake yote ya kunywa.

"Mama Mpano, unaharibu makala bure!" Salma alimwambia. "Hii maji iko na dawa. Haunisikie kwa redio?"

Mama Mpano akacheka, akaepua sufuria, na tangu siku hiyo akaacha kuchemsha.

Kisha ikaja habari. Jumamosi moja Salma na mama yake walikuwa wakichambua ndagala, dagaa wa ziwani, uani, redio ikiwa wazi. Mtangazaji Placide alisoma kwamba maji ya bomba yalivutwa ziwani na kuletwa kwa watu bila dawa hata chembe. Fedha za dawa wakubwa wa kampuni waligawana na mbunge yule yule aliyekata utepe.

Mtaa ulichemka. Wengine walisema, "Tulijua tangu zamani." Uongo mtupu! Kama walijua, mbona siku ya uzinduzi walicheza mpaka vumbi likatimka? Wengine walimtetea mbunge: "Alitupatia chumvi na vitenge. Banamuonea wivu tu." Kikulacho ki nguoni mwako, lakini kuna watu wakitafunwa hushukuru.

Salma alitupa ungo na kukimbilia kwa Mama Mpano. Mlango ulikuwa umefungwa. Majirani wakamwambia kwamba Mpano alikuwa ameharisha na kutapika tangu usiku, akapelekwa kwenye kituo cha kipindupindu. Na pale pale, kutoka redio ya jirani, ukaanza tena: "Maji ni safi, mama..."

Salma aliichukia sauti yake mwenyewe. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye studio.

"Papa Placide, zima ile wimbo!"

"Mutoto yangu, kampuni ililipa mpaka mwisho wa mwezi," Placide alijibu bila kumtazama usoni. "Mukubwa wangu atanifukuza kazi."

"Mpano iko anakufa sababu ya sauti yangu!"

Placide alisimama, akauzima wimbo. Kisha akamsogezea kipaza sauti.

"Mimi ni Salma niliyewaimbia," akasema huku akilia. "Maji ya bomba si safi. Niliimba bila kujua. Tafadhali, chemsheni maji, na wanaoharisha wapelekeni kituoni haraka."

Jioni ile moshi wa makala ulitanda kila ua. Wimbo haukupigwa tena. Mbunge hakujitokeza, na wakubwa wa kampuni walifunga ofisi yao wakaenda zao.

Mpano alipona. Aliporudishwa nyumbani, amekonda, macho yameingia ndani, Salma alikwenda kupiga magoti mbele ya Mama Mpano.

"Simama," alisema Mama Mpano. "Nilikusikia kwa redio, na ulifanya vizuri. Lakini sitakuambia kwamba haina neno. Kama watu banakupatia maneno ya kuimba, uliza kwanza kama ni ya kweli. Bale bakubwa balijua, bakanyamaza. We haukujua, ukaimba. Mutoto yangu alikunywa yote mbili, kimya yabo na wimbo yako."