Mtutu wa Eedo Osob

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye miti ya mto Tana nilipotumwa kwenda kuchukua mtutu.

Bunduki yetu ilikuwa hailali nyumba moja. Ndivyo watu walivyofanya mwaka ule wa 1966, huku upande wa Balambala, vita vilipokuwa kila mahali na askari wakipekua hata vibuyu vya maziwa. Ukikutwa na bunduki nzima, umekwisha. Ukikutwa na kipande, unaweza kuapa kwamba ni chuma ulichokiokota. Kwa hiyo kitako na bawaba yake tulivifukia chini ya mafiga yetu. Mtutu wa marisau, ule wa kupigia kanga, Dagane shemeji yangu alihama nao. Mtutu wa pili, mzito, wa kupigia wanyama wakubwa, aliufunga kwenye ngozi eedo Osob, shangazi wa mume wangu, akaulalia.

Mume wangu Kerrow alipewa bunduki hiyo na mwindaji mmoja aliyewahi kumtumikia. Ni ya risasi moja tu. Inakunjika katikati kama goti, unatia risasi, unaifunga. Lakini chui alimla vidole vitatu vya mkono wa kulia, kwa hiyo kubadilisha mitutu ilikuwa kazi yangu. Yeye alinifundisha, na mimi nilikuwa mkono wake. Tena nilikuwa nimekaa shule miaka minne, naweza kusoma namba. Yeye hawezi.

"Fanya upesi," aliniambia. "Leo ni mimi ama ni yeye."

Yeye ni fisi. Mwezi ule alikuwa amebeba watoto wawili. Wa pili alikuwa mtoto wa Lul, jirani yetu. Asubuhi tuliokota mguu mmoja mdogo, kikuku bado kimo.

Wazee walisema huyu si fisi wa kawaida. Walisema ni yule mtu anayejisugua kijiti mgongoni jua likizama, akageuka fisi. Kerrow alicheka.

"Mtu au fisi, kifua ni kifua."

Binti yetu Nafiso alikuwa na miezi minane.

Nilimkuta eedo Osob amesimama nje, ngozi imo mikononi tayari. Jua lilikuwa nyuma yake, kwa hiyo uso wake ulikuwa mweusi.

"Nabad, eedo."

Hakujibu salamu.

"Chukua," alinong'ona.

Nikapokea. Kulikuwa na harufu ya ngozi kuukuu, na chini yake harufu nyingine... kama nyama iliyosahauliwa chunguni.

"Mtoto amelala?"

"Amelala, eedo."

"Upande gani wa nyumba?"

Mimi tangu utoto naona haya mbele ya wakubwa. Mkubwa akiniuliza, najibu. Sijui kuuliza kwa nini.

"Upande wa mashariki," nilisema.

Nikarudi mbio. Sikugeuka kutazama nyuma.

Kerrow alikuwa ameketi kwenye pengo la boma la miiba, hatua sita kutoka mlangoni, ameupa mlango mgongo. Mbele yake alikuwa amemfunga mbuzi mchanga ili alie. Mimi niliingia ndani, nikapiga magoti karibu na moto mdogo, nikaanza kazi.

Kwanza unaikunja bunduki na kutazama kama ni tupu, hata kama uliifukia mwenyewe. Unafungua ubao wa chini. Unaning'iniza ndoana ya mtutu kwenye pini ya bawaba. Unarudisha ubao. Unafunga.

Ikikaa vizuri inalia mara moja tu. Kop.

Ile ililia mara mbili.

Nikafungua tena. Nikachukua karatasi ya sigara, nikaiweka kati ya mdomo wa nyuma wa mtutu na ukuta wa chuma, nikafunga, nikaivuta. Karatasi ikishikwa, salama. Karatasi ikitoka, kuna mwanya, na mwanya ukiwa mwembamba kama ukucha tu, moto wa risasi unarudi nyuma machoni pa mpigaji. Si kila mtutu unakaa kwenye kila bunduki, hata zikifanana kama mapacha. Fundi wa Isiolo alipiga tupa mitutu yetu miwili mpaka ikakaa, kisha akagonga namba moja kwenye vyuma vyote vitatu. 417.

Karatasi ilitoka kama inavyotoka kwenye siagi.

Nikausogeza mtutu kwenye moto, nikatafuta namba. Hapakuwa na namba. Palikuwa laini, baridi... na palikuwa na majimaji.

"Naa, Abshiro!" Kerrow alinong'ona kwa ukali. "Unafunga bunduki au unasuka mkeka?"

Nikafungua mdomo nimwambie.

"Abshiro."

Sauti ilitoka nyuma ya mkeka wa ukuta. Sauti ya eedo Osob. Ilikuwa chini sana, usawa wa ardhi.

"Tazama mtoto wako."

Nikatazama. Mkeka wa mashariki ulikuwa umeinuliwa kidogo kutoka nje. Mkono wa kikongwe ulikuwa umepenya chini yake. Umeshika kifundo cha mguu cha Nafiso, polepole, kama mtu anayepima kuni. Mtoto amelala fofofo.

"Ukipiga kelele, navuta," sauti ilisema. "Ukimwambia mtutu haukukaa, navuta. Mwambie umekaa."

Nilinong'ona.

"Eedo... ni mtoto wa mpwa wako."

Ikacheka kidogo. Kicheko hicho hakikuwa cha Osob.

"Chagua, mama. Mimi nangoja. Nimezoea kungoja."

Mkono ukavuta kidogo tu, kipimo cha kidole. Nafiso akakunja uso usingizini.

Nje mbuzi alinyamaza ghafla.

"Amekuja," Kerrow alinong'ona. "Namwona macho. Lete!"

Sasa niliwaza. Yule aliye mbele ni nani, na huyu aliyeshika mguu ni nani? Nilitoka. Miguu ilinitoa yenyewe. Nikampa bunduki. Alikuwa na risasi katikati ya meno, maana kutia risasi ni kitu kimoja alichoweza kukifanya mwenyewe, kwa kidole gumba na kidole kidogo. Alipenda kukifanya. Akaitia. Akafunga.

Kop... kop.

Alisita. Aligeuza shingo, akanitazama. Nusu ya uso wake iliangazwa na moto. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

"Uliipima kwa karatasi?"

"Niliipima."

"Umekaa?"

Nyuma yangu, ndani ya nyumba, nilisikia mwanangu akianza kuguna.

"Umekaa," nilisema.

Alinitabasamia. Akaweka shavu lake kwenye kitako.

Sitaki kuandika mlio ule. Mwanga ulitoka upande usiofaa.

Kerrow aliketi vilevile kwa muda, kama mtu aliyesahau neno. Kisha akauliza kwa upole, "Mbona mmezima moto?"

Moto ulikuwa unawaka.

Mbele ya pengo la boma fisi alikuwa amesimama. Hakukimbia. Alimtazama Kerrow, akanitazama mimi, akaondoka taratibu akimwacha hata mbuzi.

Nilirudi ndani. Mkono haukuwepo. Nafiso alikuwa macho, kimya, na kwenye kifundo chake palikuwa na alama tano.

Hospitali ya mjini hatukuweza kumpeleka. Uso uliojaa baruti ungemfungisha kabla hajatibiwa. Nilimwosha macho kwa maziwa ya ngamia na kumpaka samli. Siku ya nne yalikauka.

Siku hiyo hiyo eedo Osob alikuja akiwa amebeba ngozi.

"Mbona hukuja?" alisema. "Mpwa wangu alisema utafuata mtutu. Nilikungoja mpaka usiku ukaingia."

Akaifungua ngozi. Mtutu wetu. 417.

Nilikwenda kuchakura majivu mahali nilipoutupa ule mtutu uliopasuka. Nilikuta mfupa mrefu, mtupu ndani, umechanika upande mmoja.

Tangu jioni ile hakuna mtoto aliyebebwa tena. Watu wanasema Kerrow alimpiga. Lul huja kila Ijumaa kumbusu mkono wenye vidole viwili, akilia, "Wallahi ulinilipizia, walaal, ndugu yangu." Wengine wanaleta maziwa. Mimi ndiye ninayeyapokea mlangoni, nao wananiombea dua.

Nafiso sasa anatembea. Ukimlaza upande mwingine wa nyumba analia mpaka umrudishe mashariki.

Kerrow hajui. Kwa hesabu yake kosa lilikuwa la risasi. Ilikuwa kuukuu, anasema, ilishika unyevu, na yeye ndiye aliyeichagua na kuitia kwa mkono wake. Kila jioni nikimpa chai ananitafuta kwa vidole vyake hadi anipate bega.

"Abshiro," ananiambia, "wewe ulifanya kazi yako sawasawa. Mimi ndiye niliyekuoza kwa kipofu. Nisamehe."

Anangoja. Hatakunywa chai mpaka nijibu.

"Nimekusamehe," namwambia.