Chumba Ndani ya Miwani

Siku yenyewe ilianza kwa utani. Mtafiti, kama walivyozoea kumwita watu wa kwao, alikuwa amekwenda kazini na mdogo wake wa kike amsaidie jaribio. Alikuwa anachunguza jinsi binadamu anavyokadiria umbali. Mtu alivishwa miwani mizito iliyoziba macho yote, na ndani yake akaona chumba kilichochorwa na kompyuta: kuta nyeupe, sakafu ya mbao, mpira mwekundu mbele yake. Kisha picha ilizimwa, naye akatakiwa kutembea gizani mpaka pale alipodhani mpira ulikuwepo.

"Huu ndio uhalisia pepe," alimweleza mdogo wake.

"Pepe au pepo?" akadakia fundi wa kompyuta, kijana waliyemwita Waya kwa wembamba wake. Wakacheka wote.

Lakini Mtafiti alicheka nusunusu. Washiriki wa siku zilizotangulia walikuwa wamemkosesha usingizi. Badala ya kwenda moja kwa moja, kila mmoja alifika katikati ya chumba, akageuza bega, akapita kando, kisha akarudi kwenye mstari wake. Alipowauliza sababu, walimshangaa yeye.

"Si nilikuwa nampisha yule mama," mmoja wao alisema.

Hapakuwa na mama yeyote. Waya aliipekua programu mpaka macho yakamwiva. Aliona mpira tu.

Ndiyo maana akamleta mdogo wake. Huyu asingemficha kitu.

Walimvisha miwani. Waya akaketi kwenye kompyuta, Mtafiti akasimama kule mlangoni asije akamchanganya. Picha ikazimwa.

Mdogo mtu akaanza kutembea. Alipofika katikati hakupinda. Alisimama.

"Dada," akanong'ona, "mkono wako mbona baridi hivi?"

Mtafiti akaitazama mikono yake. Alikuwa ameikunja kifuani.

"Niko mlangoni, mdogo wangu," akasema polepole. "Vua miwani."

"Basi usinivute. Natembea mwenyewe."

Akaendelea kwenda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka mbele, kama wa mtoto anayevushwa barabara. Kisha zikasikika hatua. Ko. Ko. Ko. Hatua juu ya mbao. Chumba kile kilikuwa kimetandikwa zulia zito, ukuta hadi ukuta.

Na hatua zilikuwa za watu wawili.

"Waya, zima!"

"Nimeshazima. Nimechomoa kila kitu."

Ukuta ulikuwa umekaribia. Mdogo mtu hakupunguza mwendo. Mtafiti alijirusha, akamkumbatia kiunoni, akavuta. Upande wa pili nao ukavuta. Kitu kikakatika, tap! Wakaanguka chali wote wawili.

Walipomvua miwani, binti alikuwa analia bila sauti. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mtupu. Kipande cha ukanda wa sandali kilikuwa kimenasa kati ya vidole, lakini sandali yenyewe haikuonekana. Chumba hakikuwa na hata kiti. Waya aliinua zulia, akapapasa kila pembe, akatoka mikono mitupu.

Tangu siku hiyo mguu ule haupati joto. Wakiutia kwenye beseni la maji ya moto, maji ndiyo yanayopoa. Na kila anapofika mlangoni, mdogo mtu husimama kwanza, akajibana ukutani, kama anayemtanguliza mkubwa wake.

Mtafiti aliliacha lile jaribio. Kabla ya kuifuta picha ya chumba, yeye na Waya waliifungua mara ya mwisho kwenye kioo cha kompyuta, mchana kweupe, mlango wameuacha wazi.

Kuta nyeupe. Sakafu ya mbao. Mpira haukuwepo. Mahali pake palikuwa na sandali ya kushoto, kisigino kimelika upande mmoja.

"Nani kaichora?" Mtafiti akanong'ona.

Waya aliikuza picha, akaikuza tena. Ule ukanda uliokatika ulikuwa umeungwa kwa fundo dogo, safi, la mtu asiye na haraka.