Mshipi wa Kungojea

Mara ya mwisho ulipofunga fundo ambalo mtu mwingine angelitegemea, ulilivuta kulijaribu, au ulisema tu litatosha? Usinijibu kwa adabu. Wengi wetu husema litatosha, tukaenda zetu kunywa chai.

Lorna Trezise hakuwa mtu wa kusema hivyo. Alikuwa na duka la chambo pale Port Hallam, gati linapoanzia, na kila asubuhi kabla ya kufungua mlango aliketi nyuma ya kaunta akifunga mishipi ya kuvulia samaki, ya kuuza. Ndoana mbili ndogo juu, kila moja kwenye kitanzi chake. Chini kabisa, chubwi, kile kizito cha risasi cha kuzamisha mshipi, chenye umbo la pea. Basi. Wale samaki wadogo wa mchangani wana midomo myembamba na woga mwingi, hawataki mapambo. Ujanja wenyewe uko chini: chubwi hufungwa kwa kipande cha uzi mwembamba kuliko mshipi. Ikinasa mwambani unavuta, uzi unakatika palepale palipo dhaifu. Risasi inabaki chini, ndoana na samaki wanarudi kwako. Watoto wa Port Hallam hufundishwa hilo kabla ya kusoma.

Mumewe, Merv, alipotea Aprili. Alitoka na boti lao dogo la bati hadi mwamba ulio mbele ya gati, akatia nanga, akazamia kutafuta kombe za kuliwa kama alivyofanya maisha yake yote. Ukungu ukashuka. Boti lilikuja kupatikana ng'ambo ya ghuba, viatu vyake vikiwa ndani, pai ya nyama imeumwa mara moja, kamba ikiburutika majini bila nanga. Polisi walisema kile chuma cha kuungia kamba na nanga kilifunguka chenyewe, hutokea. Wanywaji wa baa walisema ni papa, maana papa ni jibu linalompendeza kila mtu: halina mkosaji wa kusalimiana naye dukani.

Lorna hakutaka jibu. Alitaka mfupa. Hata mmoja, wa kuzika, ili mkono wake uache kutoa vikombe viwili kabatini.

Watu hawa wana desturi moja ambayo ukiwauliza watakuambia ni upuuzi wa mababu, huku wakiitimiza. Mtu akipotea baharini asipatikane, ndugu yake wa damu hufunga mshipi wenye chubwi bila ndoana, akaushusha mwisho wa gati na kuufunga kwenye reli. Huo ni mshipi wa kungojea. Ni wa aliyepotea kushika, akitaka kurudi. Hakuna mtu anayeuvuta.

Wa Merv ulifungwa na mdogo wake, Des. Des alipoteza kidole cha shahada kwenye winchi ujanani, kwa hiyo hafungi fundo kama binadamu wengine. Huzungusha uzi, duru juu ya duru, kisha hukaza kwa meno. Mafundo yake yana umbo la kitovu cha mtoto mchanga. Alipomaliza kuufunga ule mshipi pale relini, aliondoka haraka, na tangu siku ile hakukanyaga tena mwisho wa gati. Watu walisema ni huzuni. Watu husema mengi.

Ilianza kwa Mzee Hoang, mstaafu aliyekuwa akija kutoka mjini na ndoo yake kila mwisho wa wiki. Aliingia dukani, akaweka mshipi juu ya kaunta.

"Dada Lorna, umezeeka au umeanza kuniibia?"

"Vyote viwili. Kuna nini?"

"Chubwi imedondoka. Sijarusha bado. Imedondokea ndani ya ndoo."

"Umevuta kama ng'ombe."

"Kwa baridi yabisi hii? Hata soksi zangu siku hizi zinanishinda."

Lorna akaucheka mshipi, kisha akaacha kucheka. Ule uzi mwembamba haukuwa umefunguka, wala haukukatwa kwa kisu. Ncha yake ilikuwa imejikunja kama unywele uliopitiwa na moto. Uzi huwa hivyo ukibeba mzigo mzito, kwa muda mrefu, mpaka ukashindwa.

Alikuwa ameufunga asubuhi ileile.

Kesho yake alipofungua duka, mishipi yote ilikuwa ubaoni ilipotundikwa, ndoana zikimeta. Hakuna hata mmoja uliokuwa na chubwi. Chubwi zilikuwa sakafuni. Hazikutawanyika. Zilikuwa zimejipanga mstari kutoka ubaoni hadi mlangoni, na ncha ya kila moja ilielekea baharini.

Zilikuwa zimelowa. Akagusa moja, akaonja kidole. Chumvi.

Lorna hakuwa mwepesi wa kuamini mambo. Alibadilisha kitasa. Akaenda kwa Des, akamkuta uani akifua jaketi lililokuwa safi.

"Ufunguo wangu wa zamani uko wapi?"

"Nilikurudishia, shemeji. Kwenye mazishi."

"Hatukuwa na mazishi."

"Ile siku ya keki ya kumkumbuka, basi." Hakuinua macho. "Kumeibwa?"

"Hakuna kilichoibwa. Chubwi zinakatika. Zenyewe."

Jaketi likamponyoka Des, likazama ndani ya beseni. Hakuliokota.

Lorna akafunga mishipi mipya, safari hii kwa uzi mnene. Asubuhi, sakafuni. Akafunga kwa uzi wa kuvulia papa, ambao hata koleo hupata tabu nao. Asubuhi, sakafuni, mstari uleule, maji yaleyale. Siku hiyo aliketi katikati ya duka tupu, mwanamke mzima mwenye akili zake, akasema kwa sauti ndogo, "Merv, unataka nini?"

Nyuma yake, kitu kidogo kizito kikagonga mbao.

Ukungu ulirudi Juni, mchana, mzito kama ule wa Aprili. Lorna akavaa buti akatembea hadi mwisho wa gati. Mzee Hoang alikuwa pale peke yake, fimbo mbili za kuvulia zimesimama, mikono kwapani.

Mshipi wa kungojea ulikuwa umekaza.

Bahari ilikuwa imelala. Hakukuwa na mkondo wala upepo. Lakini mshipi ulikuwa umenyooka kuelekea mwambani, ukitetemeka, na reli ilikuwa inalia kidogo, sauti ya mbu.

"Umeanza lini?"

"Nimeukuta hivyo," Hoang akanong'ona. "Dada, huo hauvutwi."

"Najua."

"Basi usiuvute."

Akauvuta.

Mwanzoni ulikuwa mwepesi. Kisha mzito. Haukuwa uzito wa mwamba, mwamba haukubali. Haukuwa wa samaki, samaki ana haraka. Huu ulikubali kidogo, ukasubiri. Ukakubali kidogo, ukasubiri. Hivyo ndivyo anavyokuja mtu aliyechoka, ukimshika mkono kumpandisha ngazi. Lorna alianza kulia bila sauti. Akavuta. Hapo ndipo alipodhani atampata.

Chini, ndani ya maji ya kijivu, kitu kikawa cheupe.

Kikaachia.

Mshipi ukaja mtupu, akauvuta wote. Chubwi haikuwepo. Mahali pake palikuwa na uzi mwembamba, ule wa kufungia chubwi, umezungushwa duru juu ya duru, mnene kama dole gumba. Umekumbatia hewa. Ulikuwa na shimo katikati, duara, kiasi cha pete ya nanga. Upande mmoja, alama za meno. Upande wa pili, nyuzi zote zimekatika, na kila ncha imejikunja.

Hoang alichukua ndoo yake akaenda. Fimbo zake aliziacha, na hajarudi kuzichukua.

Kile kitu kipo dukani, ndani ya sahani ya chai, nyuma ya friji ya chambo. Lorna alikikausha kwa taulo, akakianika juani, akakiweka juu ya jiko. Ukienda leo utakikuta kimelowa. Kila asubuhi sahani imejaa hadi ukingoni, na anaimwaga.

Lakini siku ile alikiweka juu ya kaunta, ndani ya sahani ileile, akampigia Des simu. Des alikuja. Alivua kofia mlangoni, akakiona, akabaki amesimama pale.

"Hili fundo ni la nani?" Lorna akauliza.

Des akautazama mlango.

"Des. Mimi nimefunga nyuzi maisha yangu yote. Niambie wewe, nisikuambie mimi."

"Nililiazima boti siku moja kabla," Des akasema. "Kile chuma cha kuungia nanga kilinidondokea majini. Mfukoni nilikuwa na uzi wa chubwi tu, nikafungia nanga kwa huo. Nilizungusha mara nyingi, Lorna. Mara nyingi sana. Nikasema litatosha mpaka nimwambie."

"Hukumwambia."

"Nilipoamka alikuwa ameshatoka."

Lorna akashika kaunta. Sasa aliona yote. Merv anaibuka na kombe zake, anaifuta barakoa ya kuzamia, na boti liko mbali kidogo. Anaogelea. Boti liko mbali kidogo. Halina hasira, halina haraka, linaondoka tu, na ukungu unalifunga. Hakukuwa na papa. Hakukuwa na mfupa wa kupata, maana hakuna ajuaye alichoka wapi.

Des hakuondoka. Kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake.

Ubaoni, chubwi moja ikadondoka. Hakuna aliyegeuka.

"Kuna nini tena?" Lorna akanong'ona.

Ya pili ikadondoka.

"Niliwaambia polisi nilikuwa nyumbani," Des akasema.

"Uliniambia na mimi."

"Nilikuwa gatini. Pale mwisho, ninapovulia siku zote. Alijua huwa nipo pale." Alikuwa anaongea na ile sahani, si na Lorna. "Aliita jina langu. Si mara moja. Nikajua palepale ni lile fundo. Nikasema nikiitika, watu watakuja, wataiona kamba, wataniuliza. Nikasema anaogelea vizuri, atafika. Nikakusanya vitu vyangu polepole, ndoo nikaibeba kifuani isigonge. Nilipoondoka, alikuwa bado ananiita."