Injini ya Baba Mdogo

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Chiriku alivua sare, akala chakula alichofunikiwa mezani, kisha akatoka uani kuosha gari la mama yake. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akila, aliongea akifua, aliongea hata na gari lenyewe. Mama yake alikuwa mkunga, na gari lile dogo ndilo lililomfikisha kwa wajawazito wa kule bondeni.

Siku moja gari likagoma kabisa. Baba mdogo, ambaye alikuwa fundi wa magari, alifungua boneti, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Shemeji, injini hii imekwisha. Hata ukiinywesha asali haifufuki."

"Sasa nitafanyaje?" mama akauliza. "Kule bondeni kuna mama ana mimba ya mapacha. Anaweza kushikwa na uchungu wakati wowote."

"Niachie mimi."

Baba mdogo alizunguka kutafuta injini ya aina ileile, asiipate. Mwishowe akaja na injini kubwa iliyotolewa kwenye gari la mizigo lililopata ajali. Mama aliitazama kwa wasiwasi.

"Itaingia humo?"

"Itaingia tu. Mimi ndiye fundi, shemeji. Litaruka kama ndege!"

Alikata vyuma, akachomelea vingine, kisha akaishusha injini taratibu kwa minyororo. Minyororo ilipolegezwa, pua ya gari ikainama.

"Baba mdogo, mbona limeinama?" Chiriku akauliza.

"Linamwamkia mkubwa wake," akajibu, akicheka.

Jioni wakaenda kulijaribu, wao wawili. Kweli gari lilikimbia. Kwenye kona akatokea mtu akisukuma toroli la matofali. Baba mdogo akakanyaga breki. Gari likaendelea kwenda, likaja kusimama pua ikikaribia kabisa kugusa toroli. Mwenye toroli akawatukana, akapita.

Baba mdogo alifuta jasho. "Breki hizi zilizoea injini nyepesi," alisema kwa sauti ya chini. "Nikipata zinazofaa nitazibadilisha. Usimwambie mama yako, atahangaika bure. Iwe siri yetu, sawa mwanangu?"

Chiriku alimpenda sana baba yake mdogo. Akaitikia kwa kichwa.

Jioni ile hakuongea. "Leo Chiriku wetu amemeza nini?" mama akauliza. "Kichwa kinaniuma," akajibu, akaenda kulala.

Kesho yake hakukuwa na shule. Mchana simu ikalia. Mama wa mapacha alikuwa ameshikwa na uchungu.

"Panda, unishikie mkoba!" mama alisema, tayari ameshika usukani.

Chiriku alisimama mlangoni mwa gari. "Mama... twende kwa miguu."

"Kwa miguu? Mtu ana uchungu! Panda, mwanangu, tunachelewa."

Akapanda.

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri, mpaka walipoanza kuteremka bondeni. Mama akakanyaga breki. Gari likapunguza mwendo kidogo, kisha likaongeza tena. Akakanyaga kwa nguvu zote. Harufu ya kuungua ikajaa ndani.

"Mbona halishiki? Mungu wangu, mbona halishiki?"

Chiriku aliukumbatia mkoba. Usukani haukuwa wake, breki hazikuwa zake, na maneno aliyokuwa nayo sasa hayakuweza kusaidia kitu. Chini kabisa, watoto walikuwa wakivuka barabara na ndoo za maji. Mama akapiga honi, akapunguza gia, akavuta breki ya mkono, kisha akaligeuza gari pembeni. Likajichimbia kwenye lundo la mchanga mbele ya nyumba iliyokuwa ikijengwa.

Mama alimpapasa Chiriku kichwa, mikono, miguu. "Umeumia?"

"Hapana." Mdomo wa mama ndio uliokuwa ukitoka damu.

Simu ikalia tena. Mama akachukua mkoba. "Kaa hapa, usiondoke," akasema, akateremka mlima akichechemea.

Watu wakakusanyika, wakamuuliza Chiriku hili na lile. Alikaa chini akiitazama njia. Hakujua kama mama amefika, wala kama watoto wamezaliwa. Hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Habari zikamfikia baba mdogo, akaja kwa baiskeli. Alipoliona gari, akajishika kichwa. Akaketi karibu na Chiriku.

Alasiri mama akarudi, nguo zimekunjamana. "Wamezaliwa wote wawili," alisema. "Wa pili alichelewa kulia. Nilidhani tumempoteza."

Hapo Chiriku akaangua kilio. "Mama, nilijua! Nilijua breki hazishiki!" Akaeleza yote.

"Shemeji, usimlaumu mtoto," baba mdogo akasema, macho chini. "Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Nilikuwa nimeshajisifu, nikaona haya kukuambia."

Baba mdogo aliing'oa ile injini. Ilichukua muda mrefu kupata inayolifaa gari, na muda huo wote mama alikwenda kwa wagonjwa wake kwa miguu. Baba mdogo alibadilisha breki pia, kisha, kama mama alivyotaka, akamwita fundi mwingine alikague gari lote.

Siku gari liliporudi, mama aliwaita wote wawili.

"Shemeji, ungeniambia ukweli ningetembea, na midomo yangu ingebaki mizima," alisema. "Na wewe mwanangu, sikiliza. Mtu akikuambia ufiche jambo linaloweza kumuumiza mwingine, hiyo si siri ya kutunza, hata kama anayekuambia unampenda. Njoo uniambie."

"Na kama una haraka na hunisikilizi?"

Mama akamvuta karibu. "Siku ile ulianza kuniambia, nami sikukungoja. Hilo ni kosa langu. Nisipokusikiliza tena, simama mbele ya gari, usiondoke mpaka nizime injini."