Keremkerem wa Lusahunga

Malori ya kwenda mpakani Rusumo yalikuwa yamejipanga Lusahunga tangu alfajiri, na Ernesta alikuwa akisukuma chapati mbio mbio, alipomwona dereva mmoja akiteremsha baiskeli kutoka juu ya shehena. Shingoni kaning'iniza kamera yenye lenzi nene kama mchi.

"Unakwenda kumpiga nani picha?" alimuuliza akimwekea chai.

"Ndege."

"Huku hakuna uwanja wa ndege, baba."

"Hawa wenye manyoya," dereva alijibu, akacheka mpaka chai ikamwagika.

Aliitwa Paschal, Msukuma wa Shinyanga. Tangu siku hiyo kila safari alisimama kwa Ernesta, na asiposimama alipiga simu.

"Mpishi wangu, umekula?"

"Nani ale, na nyinyi mnamaliza sufuria?"

Ernesta, aliyeachana na mume huko Nyamiaga na kuapa kutompenda dereva, sasa alikwenda na simu hata kisimani.

Jumapili moja baada ya misa alivaa gauni lake la kitenge cha njano, akaazima baiskeli. Yeye na Paschal wakaenda taratibu, wakitaniana, mpaka kwenye ukingo wa udongo mwekundu ambako keremkerem, ndege wala nyuki, wamechimba viota. Paschal alilala kifudifudi, akatambaa hadi hatua mbili tu kutoka kwa ndege mmoja wa kijani, koo la njano, aliyekuwa akimgongesha nyuki kwenye kijiti.

"Kumbe anamtoa mwiba kwanza," Ernesta alisema kwa furaha. "Tazama anavyo—"

"Nyamaza," Paschal alisema bila kugeuka.

Ndege akaruka. Paschal alipoinuka, Ernesta alikuwa keshapanda baiskeli, kitenge kinapepea mbali.

Kwa siku sita hakupokea simu. Siku ya saba alipokea.

"Nimekukosea nini, Ernesta?"

"Uliniambia ninyamaze. Miaka tisa niliambiwa hivyo mezani kwangu, mbele ya wageni. Siwezi kuanza upya."

Paschal hakujitetea. "Ngoja niegeshe gari," alisema. Kisha, "Haya, nisimulie. Sitakukatiza."

Ernesta alisimulia mpaka salio la Paschal likaisha. Akaweka vocha, akapiga tena.

Waliporudi kule ukingoni, Ernesta alilala kwenye udongo kando yake, gauni na yote, akimnong'oneza ndege kwa Kihangaza, lugha ya kwao. Paschal akampa kamera. Alipobonyeza, ulitokea mkia tu. Walicheka mpaka kundi zima likatimka.

"Nataka kuja kwa baba yako Nyakisasa," Paschal alisema.

"Kupiga picha kuku wake?"

"Kukuposa."

Ernesta alijipangusa udongo magotini, polepole.

"Baba hapendi madereva. Atakataa."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa nimeshakubali kabla hujakaribishwa kiti."